Wimbi moja, wenyewe wengi: njia nne za kutumia maji siku ya mashindano ya mbao za sefingi, Malindi na Lamu

Nimewahi kushika firimbi nikiwatoa watu majini, na mwaka mwingine nikatolewa mimi. Mara zote mbili ilikuwa Malindi, kusi imeshika, mashindano madogo ya vijana wa sefingi, mchezo wa kuteleza juu ya wimbi kwa ubao, na mara zote mbili aliyepuliza firimbi aliamini kabisa kwamba haki iko upande wake. Tangu hapo nimekaa katika vikao kadhaa vya kamati, na kila kikao hukwama palepale: siku ya mashindano, wasioshindana waingie majini au wasiingie? Wapo wanaotaka bahari ifungwe asubuhi hadi jioni. Wapo wanaosema bahari haijawahi kufungwa tangu enzi za babu zao, itafungwaje leo kwa utepe wa plastiki?

Ulinganisho huu ni wa kamati iliyokwama hapo. Ni wa mvuvi pia, na wa mwalimu wa ubao au mzazi anayeletewa mpango autie sahihi akiwa hajui amepoteza nini. Njia ni nne: kufunga kabisa, kugawa maji, kupokezana, na kuombana. Sina ninayoitetea kila mahali. Nina rai moja tu, na nitairudia mpaka mnichoke: hesabuni maji, msihesabu siku.

Maji ni ya nani

Katiba ya Kenya ya 2010 imelijibu hili waziwazi. Kifungu cha 62 kinaiweka bahari ya nchi, sakafu yake, na ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika fungu la ardhi ya umma. Kifungu cha 260, kinapoeleza maana ya neno "ardhi", kinayataja hata maji ya bahari yenyewe. Serikali ya kitaifa imeyashika kwa dhamana ya wananchi, Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo msimamizi, na Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti kazi ya michezo, bustani na fukwe. Basi wa Malindi atabisha mlango wa Kaunti ya Kilifi, na wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, atabisha wa Lamu.

Kwa lugha ya barazani: kibali ni cha kutumia, si cha kumiliki. Hata hoteli iliyojengwa mbele ya wimbi haina wimbi. Ina ploti, ukuta na vitanda vya jua. Kutoka alama ya maji kujaa kwenda mbele ni pa watu wote. (Nasema hivi nikijua vichochoro vingapi vya kushukia pwani vimezibwa na kuta za majumba. Haki ya kuwa majini haimsaidii mtu asiye na njia ya kufika majini. Kamati ikikagua uwanja, ikague na njia.)

Kuna jambo la pili ambalo kamati hulisahau. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu uamuzi wa haki wa maofisa wa umma inamtaka ofisa anayekusudia kuamua jambo litakalowaumiza watu wengi atoe tangazo kwanza na apokee maoni. Kwa hiyo kuwaita wavuvi na watu wa pwani kabla ya kibali kutoka si hisani ya kamati. Asiyeitwa ana pa kushika akitaka kulalamika.

Na yapo maji yasiyofuata mazungumzo haya. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, kusini mwa mji, ilitangazwa mwaka 1968. Humo mwenye kauli ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kuingia ni kwa tiketi na kuvua ni marufuku. Ukiona mahali pako pameangukia ndani ya mpaka wake, anza na KWS, kisha ndipo usome yaliyobaki.

Tunapima kwa nini

Vigezo vyangu ni vitano: saa za maji zinazochukuliwa, riziki ya wavuvi, usalama, kazi na fedha za kamati, na hali inayobaki kesho yake. Vitatu vya mwisho kila mtu anavielewa. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyoharibu mipango, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Pwani yetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku moja na ushei. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Siku hizo maji hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa umefika saba au nane hivi, na tena ishirini na mbili au tatu, tofauti hiyo hunywea na saa zinageuka: kujaa kunakuja asubuhi, kupwa kunakuja alasiri. Kila siku inayopita, saa zinasogea mbele kama dakika 50.

Sasa chukua ghuba yetu. Tope la mto Sabaki na maji yake matamu hayakuacha matumbawe yaote mbele yake, kwa hiyo wimbi la kusi linatoka bahari kuu na kufika mchangani bila kizuizi. Siku za bamvua, maji yakijaa sana, wimbi hilo linaanguka ukingoni kama gunia, halichezeki. Lenye manufaa ni la saa chache, maji yakiwa nusu, yakipwa, na yakianza kurudi. Tuseme kuanzia saa moja hadi saa saba mchana. Kamati ikiandika kwenye barua "tunaomba saa mbili asubuhi hadi saa nane, siku mbili tu", ofisini inasikika kama ombi la kiasi. Majini imechukua karibu wimbi lote la siku mbili. Saa sita hizohizo kwenye maji mafu, wimbi halibadiliki sana kutwa nzima, zinawaachia wengine nusu ya siku ya kweli. Barua ni ileile, dhuluma si ileile.

Cha pili ni wavuvi. Kusi ndiyo msimu wa mawimbi, na kusi ndiyo msimu wa dhiki kwa mwenye chombo kidogo. Bahari kuu haiendeki, ngalawa na mitumbwi haivuki, na mwenye wavu anahangaika karibu na ufuo. Anayefunga maji ya ufuoni mwezi wa Julai anamfungia mtu ambaye hana maji mengine. Wakati wa kaskazi angekuambia "endeleeni, wanangu", akapandisha tanga akaenda zake.

Kufunga kabisa

Eneo lote la wimbi linatengwa kwa utepe mchangani na maboya majini, kuanzia hiti ya kwanza, yaani mchuano wa wachezaji wachache kwa dakika maalumu, hadi fainali. Asiye na fulana ya rangi haingii.

Kwa saa za maji, hakuna njia inayokula zaidi. Lakini tuwatendee haki wanaoitaka, maana si wachoyo wote. Katika sefingi ya mashindano, mchezaji anahesabiwa mawimbi yake mawili bora, kila moja likipewa alama hadi 10. Hiti ni ya dakika 20 au 30. Ndani ya dakika hizo wimbi la maana huenda likaja mara tatu nne kwa watu wanne. Mpita njia akilidandia moja, amemharibia kijana kazi ya mwaka mzima, na hakuna wa kumrudishia.

Ila jihadharini na kuiga mashindano makubwa ya nje. Yale hutangaza muda wa kusubiri, siku kumi hata zaidi, kisha yakachezwa siku tatu au nne ambazo bahari imekubali. Kwao kuna watu wa kutazama hali ya bahari na kutangaza alfajiri kama leo ipo au haipo. Kamati ya mtaa ikiomba siku kumi namna hiyo, iandike pia kwamba siku isiyochezwa maji yako wazi, na tangazo litoke kabla jua halijapanda. La sivyo utaona utepe unapepea kutwa na waamuzi wamelala nyumbani.

Kwa wavuvi, hapa ndipo penye maumivu. Ile siku niliyoshika firimbi, mzee mmoja alikuja na kimia begani, akasimama kwenye utepe, akaniuliza, "Mwanangu, hii kamba umefunga bahari au umefunga chungu changu?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyemwambia chochote kabla ya siku hiyo. Barua ilikwenda ofisini, haikwenda bandarini. Mnaofunga, pelekeni mpango kwa BMU ya mahali hapo, yaani kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufuo, mapema, mkubaliane njia ya vyombo kutoka na kurudi, na iandikwe ni saa ngapi. Njia ya vyombo haifungwi hata kwa dakika moja. Mtu anayerudi na samaki na jua kali hawezi kusubiri fainali.

Usalama hauna mshindani hapa. Mwokoaji anatazama vichwa vinne badala ya arobaini, na ubao wa mwanafunzi uliomponyoka haumpati mtu usoni. Kazi na fedha ni nyingi: maboya na nanga zake, chombo cha kusimama pembeni, wasimamizi wa ufuo wanaojua kusema na watu, na vibali. Mdhamini huipenda njia hii kwa sababu picha zinatoka safi.

Kesho yake ndiyo inayonitia wasiwasi. Kufunga kuna tabia ya kuzoeleka. Kule Fiji wimbi la Cloudbreak lilikuwa kwa miaka mingi kama mali ya wageni wa hoteli ya Tavarua, mpaka serikali ilipotoa amri mwaka 2010 na kuufungua uwanja kwa watu wote. Haikuwa habari ya mashindano, lakini ndivyo maji yanavyopotea.

Inawafaa wenye mashindano ya ngazi ya juu, mahali wimbi ni moja na jembamba, siku chache zilizochaguliwa kwenye maji mafu, na wenye uwezo wa kulipia waokoaji. Haiwafai wenye fulana kumi na mbili na kipaza sauti cha kuazima.

Kugawa maji

Wimbi linatengwa kwa upana wake. Mashindano yanachukua kipande kati ya maboya mawili, na kila upande unabaki kwa watu wengine.

Pwani zetu mbili zimebarikiwa kwa hili. Ghuba ya Malindi ina mchanga mrefu. Shela, upande unaotazama bahari kuu, ufuo unakwenda kama kilomita 12 na hauna mwamba mbele yake. Ukimwambia mtu wa Shela kwamba maji hayatoshi atakucheka. Lakini kilomita si wimbi. Mafungu ya mchanga chini ya maji yanahama, na wimbi zuri linafuata fungu. Kamati ikichukua kipande chenye fungu na kuwaachia watu kipande kitupu, imefunga kabisa kwa jina la kugawa. Mgawo wa haki unapimwa asubuhi ileile, maji yakiwa yamepwa na mafungu yanaonekana, na upande wa wasioshindana uwe na mtu wao anayepima pamoja nanyi.

Sasa mkondo. Wakati wa kusi, maji ya ufuoni huvuta kuelekea kaskazini. Wanafunzi na wageni wawekwe kaskazini mwa eneo la mashindano, ili wakichukuliwa na maji wayaache mashindano nyuma. Ukiwaweka kusini, kila dakika kumi utakuwa na mtoto aliyeshikilia ubao katikati ya hiti, na firimbi haisaidii, maana si yeye aliyekwenda huko. Washindani wenyewe, mkondo ukiwavuta, wanajua kurudi kwa kupiga maji kwa mikono. Watu wa kaiti, wanaovutwa na tiara kubwa wakiwa juu ya ubao, wapewe nafasi yao mbali zaidi upande huohuo wa kaskazini. Kamba zao zina zaidi ya mita 20, na upepo wa mchana ukishika hawasimami kirahisi.

Saa za maji zinazochukuliwa ni kidogo, mradi mgawo ni wa kweli. Wavuvi wanabaki na nafasi, ingawa mwenye wavu wa kutega hataki kuambiwa atege kwingine siku ambayo samaki wako hapa, naye aulizwe. Usalama ni wa wastani. Boya linaburutwa, kwa hiyo lazima mtu alitazame, na waokoaji wanahitajika pande mbili. Hapo ndipo fedha zinapokwenda: hamkupunguza watu, mmewagawa tu.

Kesho yake huwa njema. Watu waliocheza pembeni hutoka majini kuja kutazama fainali na kushangilia, jambo ambalo sijawahi kuliona pale walipofukuzwa.

Inawafaa wenye ufuo mrefu wa mchanga na mashindano ya ngazi ya kati. Haifai kwenye mlango wa mwamba au mahali wimbi lipo moja tu. Huko huwezi kugawa, utakata.

Kupokezana

Hapa eneo halikatwi, zinakatwa saa. Mashindano yana zamu yake, watu wana zamu yao, na honi inatangaza mabadiliko.

Wengi huikataa kwa kusema mashindano ni marefu mno. Tupige hesabu. Wachezaji 24, hiti za watu wanne, wawili wanapita: hiti sita. Wanabaki 12, hiti tatu. Wanabaki sita, nusu fainali mbili za watu watatu watatu. Wanabaki wanne, fainali. Jumla hiti 12. Kila moja dakika 20, na dakika tano za kubadilishana: saa tano kamili. Wasichana wanane wanaongeza hiti tatu, saa moja na robo. Sasa una saa sita na robo, nayo ni sawa na maji mamoja, kutoka kujaa hadi kupwa.

Kwa hiyo mashindano ya mtaa yanaingia ndani ya maji mamoja. Mengine ya mchana ni ya watu. Au yagawe siku mbili: raundi ya kwanza Jumamosi kwa saa tatu na ushei, zilizobaki Jumapili kwa karibu saa tatu, na kila siku alfajiri na jioni maji yawe wazi. Ninachosisitiza ni kwamba zamu ya watu ipewe wimbi linalochezeka. Kamati moja iliwahi kutuachia "saa mbili nzima" za mchana, maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mivinje. Tulikaa mchangani tukala maembe mabichi.

Lamu ina faida ambayo Malindi tunaionea wivu kidogo: siku yao tayari imekatwa na adhana. Ratiba ya Shela inayosimama adhuhuri na alasiri, na inayoiacha Ijumaa mchana bila mashindano, haihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote. Mapumziko hayo ni zamu ya watu iliyo tayari. (Ni kweli kwamba Ijumaa saa saba zamu hiyo itaangukia mikononi mwa watalii peke yao. Wenyeji wapewe ya jioni.)

Kwa wavuvi, njia hii inasemeka vizuri kwa sababu wao huishi kwa saa za maji. Mwambie BMU "tunachukua maji ya kujaa ya asubuhi, mwezi ukiwa umefika nane na tisa", utaona vichwa vinatikiswa. Mwambie "tarehe 14 hadi 15, saa za kazi", utaona watu wanatazamana. Siku za bamvua, wanaotembea kwa miguu kutafuta pweza huhitaji hayo maji ya kupwa ya saa nne. Siku za maji mafu hawaendi mbali. Ni sababu nyingine ya kukimbia bamvua.

Usalama ni mzuri ndani ya zamu na mbovu kwenye mpaka wa zamu. Dakika tano baada ya honi, watu thelathini waliokuwa wanasubiri wanaingia kwa pamoja huku wachezaji wanatoka. Weka mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Kazi ni ya nidhamu kuliko fedha: saa ya kweli, mtu mmoja mwenye neno la mwisho, na ubao mkubwa mchangani ulioandikwa zamu. Hiti zikichelewa, dakika zilizopotea ziwe za kamati. Mkianza kuzikopa kwa watu, mchezo umekwisha.

Kesho yake inategemea honi tu. Ikilia kwa wakati, mwakani mtapewa bila kuombwa maelezo.

Inawafaa wenye wimbi moja lisilogawanyika, mashindano yasiyozidi watu thelathini na kitu, na kamati yenye mtu mkali wa saa.

Kuombana

Hakuna utepe, hakuna boya. Wachezaji wana fulana za rangi, msimamizi ana kipaza sauti, na walioko majini wanaombwa wawapishe dakika 20.

Msiidharau. Ndiyo njia ya zamani na ndiyo inayotumika zaidi, hata pale ambapo karatasi inasema vingine. Kwa wenyeji wanaojuana inafika mbali: kijana akiitwa kwa jina la mama yake kutoka mchangani, anatoka. Watu wa Lamu wanalielewa hili kwa mashindano yao ya mashua ya wakati wa Maulidi. Uwanja wa ndege uko Manda, kisiwa cha ng'ambo, na kila abiria anavuka kwa chombo. Mkondo ule haufungiki kutwa. Watu hupishana kwa sababu wanajuana na kwa sababu kila mmoja ana jamaa mashindanoni.

Saa zinazochukuliwa ni kidogo kabisa na wavuvi hawaguswi. Fedha karibu hakuna. Hata hivyo, mkusanyiko wa watu pwani ni vizuri kaunti na kituo cha polisi wajue, maana siku mtoto akizama hakuna atakayeuliza kama mlikuwa mnaombana au mnafunga.

Udhaifu wake ni mgeni. Mtu aliyelipia ndege na ana siku tatu tu za likizo haoni kwa nini apishe, na kwa mujibu wa Katiba hamna nguvu ya kumtoa. Mwalimu wa ubao mwenye wanafunzi sita waliokwisha kulipa naye ana hesabu zake. Hapo adabu ikishindikana hugeuka ugomvi haraka, kwa sababu kila mmoja anadhani kadharauliwa. Nimeona ubao ukivunjwa kwa ajili ya "samahani" ambayo haikusemwa. Walimu wote wa mbao wazungumzwe nao wiki moja kabla, kila mmoja peke yake, si kwa ujumbe wa kundi la WhatsApp, na mgeni aelezwe mchangani kabla hajafunga kamba mguuni. Akishaingia majini, mazungumzo ni makelele.

Usalama ni wa bahati, na matokeo yana ubishi. Mchezaji aliyezibiwa wimbi ana haki ya kunung'unika, na waamuzi hawana la kumfanyia.

Inawafaa mashindano ya watoto, ya kufurahisha, ya wachezaji kumi na wawili wanaotoka mtaa mmoja. Zawadi ikishakuwa fedha za maana, iacheni.

Kwa hali yako

Kama una wachezaji wachache na wote wanakujua, ombaneni, lakini chagueni siku ya katikati ya wiki nje ya likizo za shule, wageni wanapopungua.

Kama uko kwenye ghuba ya Malindi na wachezaji ishirini na zaidi, linganisha kugawa na kupokezana kwa kushuka pwani maji yakipwa. Ukiona mafungu mawili au matatu ya mchanga yenye wimbi la kulingana, gawa. Ukiona moja, pokezaneni.

Kama uko Shela, anza na kugawa kwa sababu ya urefu wa ufuo, na ufuate adhana kwa mapumziko. Mkikubali kuchanganya, fainali peke yake inaweza kufungwa kwa dakika 30. Sijaona mtu akikataa dakika 30 alizoombwa kwa heshima.

Kama mdhamini amekwambia bila maji matupu hatoi fedha, muulize anataka siku nzima au picha za nusu fainali na fainali. Mara nyingi ni za mwisho. Ikibidi kufunga kutwa, funga kwenye maji mafu, iandike njia ya vyombo katika kibali chenyewe, na tangazo libandikwe bandarini, msikitini, kanisani na sokoni, si mtandaoni tu.

Kama wewe ni mvuvi na umeletewa barua ya kutia sahihi, usiangalie tarehe za kizungu. Uliza mwezi utakuwa ngapi, na maji gani yanachukuliwa, ya kujaa au ya kupwa. Hawajui? Warudishie barua wakaulize.

Na kama wewe huna kamati wala wavu, una ubao wako tu na umekuta utepe: omba kuona kibali, soma saa zilizoandikwa, na kama zimepita, ingia. Kama hazijapita, kaa mchangani utazame. Ukisikia honi ya mwisho, uwe wa kwanza majini.